Kiti Kifupi na Saba Yenye Mkanda

Je, umewahi kugeuza kiti juu chini ukakitazama tumboni? Watu wengi hawajawahi. Tunakaa, tunainuka, tunakwenda zetu. Mimi nilikigeuza kimoja nikiwa darasa la sita, na nililolifanya huko chini lilinifanya nishindwe kumtazama usoni mtu niliyempenda kuliko wote. Ngoja nikusimulie taratibu tangu mwanzo, maana nikienda mbio nitajipendelea.

Siku hizo nilikuwa naitwa Chiriku. Mama ndiye aliyenipa jina hilo, kwa sababu ya domo langu. Niliongea nikiwa nafagia, nikiwa nateka maji, nikiwa na mswaki mdomoni. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikaa sakafuni mbele ya Bibi ili anichane nywele, naye alikaa kwenye kiti chake kifupi karibu na dirisha. Kiti kile kilikuwa kifupi kweli. Nikikaa chini, kichwa changu kilifika magotini mwake sawasawa, kama vile kimepimwa.

Hakikuwa na mikono. Mgongo wake ulikuwa na mbao tatu zilizolala kama vipandio vya ngazi, na miguu ya mbele ilikuwa na mapingili ya mviringo kama shanga zilizopangwa. Kilikuwa kimepakwa rangi mara nyingi, bluu juu ya kijani, kijani juu ya nyeupe, na pale ilipobanduka ungeweza kuhesabu rangi kama maganda ya kitunguu. Nilijua kwamba kilitengenezwa na baba yake Bibi, aliyekuwa seremala. Nilijua pia kwamba baba huyo alifariki zamani sana, kwamba mama yake Bibi naye hakukawia kumfuata, na kwamba Bibi alilelewa na shangazi yake. Zaidi ya hapo Bibi hakuwa akisema.

Basi siku moja mwalimu wetu wa historia akatutangazia kwamba Ijumaa ya wiki ile kutakuwa na maonyesho ya vitu vya kale. Kila mwanafunzi alete kitu kutoka nyumbani. Atakuja fundi mmoja anayetengeneza samani za zamani, mtu ambaye akikitazama kiti au kabati anakuambia kimezaliwa lini na kwa mikono ya namna gani. Mwenye kitu kitakachoshinda, jina lake litaandikwa kwenye ubao wa heshima ofisini kwa mwalimu mkuu.

Wakati wa mapumziko, msichana mmoja tuliyemwita Malkia, kwa jinsi alivyotembea, akanifuata.

"Mimi naleta saa ya ukutani ya babu. Wewe Chiriku utaleta nini? Mdomo wako?"

"Naleta kiti cha Bibi. Ni cha kale."

"Kile kilichokatwa miguu?" Akacheka, na wenzake wakacheka naye. "Hicho si cha kale, shoga yangu. Hicho ni kikuukuu."

Wewe unayesoma unaijua tofauti. Kitu cha kale watu hukizunguka na kuulizana habari zake. Kitu kikuukuu hutolewa nje siku ya usafi. Neno lile lilinichoma. Nikaenda nalo nyumbani kama jiwe kwenye kiatu.

"Bibi," nikamwuliza jioni, "kiti chako ni cha kale au kikuukuu?"

"Ni kama mimi," akajibu huku akichambua mboga. "Inategemea anayeuliza ana adabu kiasi gani."

Nikamweleza habari za maonyesho, na za fundi. Bibi akaacha kuchambua.

"Huyo fundi anajua kweli kukisoma kiti?"

"Mwalimu anasema hakuna anayemzidi."

Akapitisha vidole chini ya kikalio cha kiti chake, kama alivyozoea kufanya akiwa na mawazo. "Basi kipeleke, mjukuu wangu. Lakini kipeleke kilivyo. Umenisikia? Usikioshe, usikipake kitu. Kilivyo. Na Ijumaa nitakuja mwenyewe, nina swali langu la kumwuliza."

"Ndiyo, Bibi. Kilivyo."

Mimi Chiriku, niliyeuliza kwa nini kuku hana meno na kwa nini moshi haurudi chini, siku ile sikuuliza ni swali gani.

Jumatatu mama alinisaidia kukibeba kiti hadi shuleni. Kiliwekwa kwenye chumba cha stoo, na kwa kuwa nilikuwa kiranja wa darasa, ufunguo nilikaa nao mimi. Hapo ndipo palipoharibika mambo. Kila nilipofungua mlango nilikiona kimesimama kati ya saa ya Malkia, yenye mlango wa kioo, na sanduku la shaba la mtoto mwingine, na kila mara nililisikia lile neno. Kikuukuu.

Jumanne baada ya masomo nilichukua msasa kwenye karakana ya shule, nikajifungia stoo. Nilijiambia nitabandua rangi kidogo tu, ili mbao ionekane. Lakini msasa ukishaanza kutafuna haukuachii. Nilibandua mgongo, nikabandua miguu, mavumbi ya bluu yakanijaa puani. Jumatano nilikigeuza juu chini. Kule chini rangi ilikuwa nene, imejaa vinundu. Nilipoikwangua nikaona kitu kilichonishtua. Kwenye mbao kulikuwa na alama zilizozama, zimejaa rangi ya zamani, moja kama N, moja kama T, zimenyooka sawasawa kama zimepigwa na mashine.

Mara moja nikawaza: muhuri wa kiwanda! Kumbe kiti chenyewe kilinunuliwa dukani! Fundi akiuona muhuri huu, basi, nimekwisha, na Malkia atanicheka mpaka tumalize shule.

Sikujiuliza kwa nini seremala apige muhuri wa kiwanda. Nilichukua msasa mkali zaidi, nikasugua mahali pale mpaka mkono ukafa ganzi na mbao ikawa laini kama kiganja. Alama zile hazikuwa na kina kirefu, labda unene wa ukucha. Zilikwisha zote.

Alhamisi nilimalizia. Nilileta chai ya rangi iliyobaki asubuhi, nzito, nikachanganya na masizi, nikakipaka kiti kizima kwa kitambaa. Nilichukua msumari na jiwe nikatoboa matundu kwenye miguu, ili ionekane imebunguliwa na wadudu. Mwisho, kwa ncha ya bikari yangu ya hesabu, nikachonga mwaka nyuma ya ubao wa juu wa mgongo: 1750. Nilirudi nyuma hatua mbili nikakitazama. Ninakiri mbele yako kwamba nilikiona kizuri.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Bibi alikuja na mama, amevaa viatu vyake vya kutokea, na aliketi mstari wa mbele. Kiti kilipoingizwa, nilimwona akiinua uso kwa furaha, kisha ile furaha ikashuka taratibu. Alikitazama kama mtu anayemtazama mwanawe aliyenyolewa na watu asiowajua. Halafu akanitazama mimi. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Fundi alikuwa mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na vidole vyenye gundi kavu. Saa ya Malkia aliisifu, akasema ni ya kweli, ingawa haijui tena kusema ni saa ngapi. Kisha akafika kwenye kiti. Alikizunguka, akachuchumaa, akakinusa.

"Kiti hiki kimekunywa chai," akasema.

Watu wakacheka.

"Na chai yenyewe ilikuwa na sukari." Akanyoosha kidole. Mstari wa sisimizi ulikuwa unapanda mguu wa nyuma, bila haraka, kama watu wanaokwenda sokoni.

Ukumbi ukaangua kicheko. Masikio yangu yakapata moto. Fundi akachukua njiti ya ufagio akaiingiza kwenye tundu moja. Ikaingia moja kwa moja na kugota.

"Mdudu wa mbao hachimbi hivi. Mdudu ana mambo yake, anapinda, anarudi, anatokea kwingine. Huyu wa hapa alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani." Kicheko tena. Akaja kwenye ule mwaka, akauangalia kwa miwani. "Elfu moja mia saba na hamsini. Mchongo una wiki moja, kama unayo. Mbao ya ndani bado nyeupe."

Mwalimu wetu alisogea kutazama. Nilimwona akiganda. Ile saba ilikuwa na kijistari katikati, mkanda kiunoni, na hakuna mwalimu mwingine aliyefundisha saba namna ile isipokuwa yeye. Alituambia mwaka mzima: "Saba ifungeni mkanda, isije ikadhaniwa moja." Alizungusha macho taratibu juu ya darasa letu. Yalipopita kwangu nilihisi kama mkono umenishika kisogoni.

"Mwenye kiti ni nani?" akauliza Fundi.

Nilipaswa kuinuka. Bibi ndiye aliyeinuka.

"Shikamoo, Bibi. Samahani kukuuliza mbele za watu. Ni wewe uliyekiongezea umri?"

Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti ya chini, "Bibi anataka ubao wa heshima," na wengine wakafinya vicheko kwenye viganja.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bibi. "Kiti ni changu. Yaliyo juu yake ni yangu pia."

Hakudanganya, na wala hakunitaja. Nilitamani sakafu ya ukumbi ifunguke nipite.

Fundi alimtazama kwa muda, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya heshima. "Basi niwaambie na la pili, maana mnacheka kabla sijamaliza. Kiti hiki hakihitaji uongo. Njooni karibu."

Akatoa chombo cha chuma chenye taya mbili kama za kaa, akaupima mguu wa mbele upande mmoja, kisha upande mwingine. "Mguu huu ulikerezwa, yaani ulizungushwa huku ukichongwa kwa patasi. Siku hiyo ulikuwa mviringo kamili. Leo ni wa yai kidogo. Mbao hunywea kadiri miaka inavyopita, na hunywea zaidi upande mmoja. Hili hamwezi kulifanya kwa chai. Tazameni na mbao hii ya chini, ya kukanyagia. Imelika katikati, mahali pa visigino viwili tu. Na miguu ya nyuma imelika kwa nyuma. Aliyekaa hapa alikuwa anakiinamisha kiti nyuma na mbele, nyuma na mbele. Hakuna msumari hata mmoja. Kila kiungo kina ulimi wake na tundu lake, na kila ulimi umekatwa kwa mkono. Nakipa miaka hamsini, sitini hivi."

"Na mbona kimekatwa miguu?" Malkia akauliza.

"Hakikukatwa, binti. Kilizaliwa kifupi. Kifupi, bila mikono, ili kiwiko kisigote na mapaja yawe juu kidogo. Hiki ni kiti cha mama anayenyonyesha. Kilitengenezwa kwa ajili ya mtoto mchanga."

Bibi alisogea hatua moja. Mikono yake ilikuwa imeshikana.

"Fundi, nina swali langu moja," akasema. "Baba yangu aligonga maandishi chini ya kikalio. Nayapapasa tangu nikiwa mtoto. Nilipofika umri wa kujua kusoma, rangi ilikuwa imeshayaziba, na sikuthubutu kuikwangua, niliogopa kuyaharibu. Nimesubiri mtu anayejua. Naomba unisomee."

Sasa umeelewa. Na mimi ndivyo nilivyoelewa, pale pale, nikiwa nimeshika kamba ya kiatu changu.

Fundi alikigeuza kiti. Alipapasa, akatazama kwa karibu, akapapasa tena.

"Bibi, hapa pamepigwa msasa. Hakuna maandishi."

"Yapo. Upande wa kushoto."

"Hakuna, Bibi yangu."

Bibi akanyoosha mkono, akapitisha vidole mahali palipokuwa laini kama kiganja. Alirudia mara mbili. Kisha akasema, si kwa Fundi wala kwa mtu yeyote, "Basi labda sikuwahi kuyapapasa. Labda nilijitungia tu. Mtoto asiye na wazazi hujitungia mambo mengi."

Akageuka kurudi kwenye dawati lake. Nilimwona akikosea njia, akaenda kushoto badala ya kulia, na mama akamshika mkono.

Ningeweza kuvumilia kuchekwa, hata kuchapwa. Lakini Bibi alikuwa ameanza kutoviamini vidole vyake mwenyewe, na mtu pekee aliyejua kwamba vilikuwa vinasema kweli ni mimi. Nilisimama. Domo lote lile nililokuwa nalo, siku hiyo lilitoa maneno mawili.

"Fundi, yalikuwepo."

Watu wote wakageuka.

"Yalikuwepo. Niliyaona. Nilidhani ni muhuri wa kiwanda, nikayafuta kwa msasa ili kiti kionekane cha kale. Na chai ni mimi, na matundu ni mimi. Bibi aliniambia nikilete kilivyo, nikamwitikia ndiyo." Nikamalizia kwa kunong'ona. "Na saba ni yangu, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Fundi alikuja mpaka mbele yangu akachuchumaa ili macho yetu yawe sawa.

"Sikiliza vizuri, na usinijibu kwa kubahatisha. Alama zile zilichongwa au ziligongwa?"

"Sijui tofauti yake."

"Kilichochongwa kimetolewa mbao. Ndani unaona njia ya patasi, na kingo zake ni kali. Kilichogongwa kwa chuma na nyundo hakijatolewa kitu. Mbao imebonyea tu, kama unavyobonyeza kidole kwenye donge la unga."

Nilifumba macho nikakumbuka. "Ziliingia kama kidole," nikasema. "Kingo zilikuwa za mviringo. Na chini zilikuwa bapa, hazikuwa na njia yoyote."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilizitazama sana kabla ya kuzifuta."

Fundi akainuka, akavua miwani. "Kiti nakichukua leo. Kesho asubuhi mlete Bibi yako karakana kwangu. Na uje na nguvu za mikono, kwa maana kazi utaifanya wewe."

Njiani kurudi nyumbani nilitembea nyuma yao. Bibi hakunigombeza. Alimwambia mama habari za bei ya sabuni. Jumamosi asubuhi nilikaa sakafuni kama kawaida, lakini mahali pa kiti pale dirishani palikuwa patupu, na Bibi alinichana nywele akiwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Magoti yake hayakufika mahali pake. Chanuo lilipita polepole vilevile, na hilo ndilo lililoniliza.

"Bibi, nisamehe."

"Tulia, usitingishe kichwa," akasema. "Njia ya nywele itapinda."

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi na maranda. Viti visivyo na miguu vilining'inia ukutani, na miguu isiyo na viti ilijaa kwenye pipa. Kiti cha Bibi kilikuwa juu ya meza, kimelala chali. Fundi alikuwa amekiosha chai na masizi kwa maji ya uvuguvugu. Pasi ya mkaa ilikuwa inafuka kando yake. Alinipa kitambaa cheupe na bakuli la maji.

"Lowesha, kamua, tandaza hapo ulipofuta. Wewe ndiye unayejua ni hapo wapi hasa. Kisha weka pasi juu yake, hesabu mpaka kumi, inua."

Nikafanya. Mvuke ukapanda. Nikainua kitambaa. Mbao ilikuwa imelowa, basi.

"Tena," akasema.

Wakati nafanya tena, Fundi aliongea huku akinoa patasi, hakunitazama. "Nyundo ikigonga, nyuzi za mbao hubanwa chini. Msasa wako umekata zilizosimama pembeni, lakini zilizobanwa ziko palepale, zimelala. Zikipata maji na moto huvimba, hunyanyuka. Mimi ningeweza kulijua hilo na lisinifae kitu bila neno lako. Jana nilikuwa nimeshaamua kukipaka kiti vanishi nikamrudishie Bibi, iwe ndiyo pole yangu kwake. Vanishi ikishaingia kwenye mbao, mvuke haupiti tena. Ungekaa kimya mpaka leo asubuhi, maandishi haya yangezikwa."

"Sikutaka kusema," nikamwambia. "Niliona aibu."

"Bado unaiona?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Usiifukuze haraka, ina kazi. Ulitaka watu wakiheshimu kitu cha kwenu, na hilo si kosa. Kosa ni kwamba ulikiongezea uongo kitu kilichokuwa na ukweli wa kutosha, na uongo wenyewe ukala ukweli. Siku nyingine ukiona kitu chako kinachekwa, kwanza uliza habari zake. Pengine wanaocheka na wewe unayechekwa, nyote hamkijui. Na ukikosea, sema mapema, kitu kikiwa bado kinatengenezeka. Haya, inua kitambaa."

Nikainua. Kwenye mbao palikuwa na mstari mdogo uliosimama, kama kovu jipya. Nilipiga kelele, Bibi akainuka kwenye kigoda. Nikalowesha, nikakandamiza, nikahesabu kumi, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka kwenye tisa. Herufi zikaanza kupanda moja moja. Kwanza I. Kisha N, iliyofifia mguu mmoja. Kisha T. Mwanzo zilikuwa vishimo, sasa zilikuwa vilima, na ukipitisha kidole ulivihisi kama upele wa joto. Fundi alizipaka vumbi kidogo la chaki ya bluu ili zionekane, akarekebisha miwani yake, akasoma.

"B, I, N, T, I. Binti. Chini yake tarehe: kumi na tisa. Kisha saba. Kisha mwaka."

Mwaka wenyewe siuandiki hapa. Bibi alisema umri wake ni wake, na kwa jinsi nilivyomfanyia, hilo nimelitii mpaka leo.

"Je, na ile elfu moja mia saba na hamsini?" nikamwuliza Fundi. "Naweza kuitoa?"

"Ile ulichonga. Mbao iliyochongwa imekwisha kuondoka, hainyanyuki tena. Itabaki." Na imebaki. Kiti kipo sebuleni kwangu, karibu na dirisha, na wajukuu wangu wakiniuliza mwaka ule ni wa nini, huwaambia wakae sakafuni niwachane nywele, ni habari ndefu.

Lakini siku ile hatukuwa tumemaliza. Bibi alikuwa ameweka vidole vyake juu ya herufi, upande wa kushoto, pale pale alipomwambia Fundi. Alizipita moja moja, kutoka B mpaka I, kisha akarudi mwanzo. Alinivuta kwa mkono wa pili, akavipeleka vidole vyangu chini ya vyake.

"Unazipata?"

"Nazipata, Bibi."

"Shangazi aliniambia kwamba baba alifariki mimi nikiwa bado tumboni. Aliniambia mara nyingi, kila nilipomwuliza, mpaka nikaacha kuuliza." Akaipapasa tena ile B. "Lakini aliye tumboni hawezi kuitwa binti. Hakuna ajuaye."

Fundi aliacha kunoa. Bibi aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa na mimi nilimwangalia.

"Sikuwa na haja ya kujua miaka yangu," akasema. "Wala sikutaka kujua kiti ni cha kale au kikuukuu. Miaka yote hii, mjukuu wangu, nilichotaka kujua ni kama baba aliniona."